Maswali ya wasomaji: Bundi juu ya paa, bundi kwenye sarafu

Katika toleo lililopita tuliandika kwa aya moja tu kwamba bundi ni mla panya na haleti msiba. Barua zikamiminika, nyingine za hasira. Tumejibu zile zinazobeba maswali ya wengi. Majina tumeyaacha, tumeandika mahali tu.

*Shikamoo mhariri. Tangu baba mkwe aanze kuugua na kulala nyumbani, bundi analia kila usiku kwenye mwembe wetu. Majirani wanasema anaita mtu. Mganga ametaka laki mbili na kuku mweusi amfukuze, na shemeji anataka mwembe ukatwe. Nifanyeje? (Muheza)*

Marahaba, na baba tunamwombea afueni. Mwembe uacheni, na hizo laki mbili mnunulieni mgonjwa dawa na matunda.

Bundi hulia ili kutangaza kwamba eneo lina mwenyewe, na kumwita mwenzi. Swali la maana ni kwa nini mmeanza kumsikia sasa. Tazameni kilichobadilika nyumbani. Palipo na mgonjwa, taa ya nje huwaka mpaka alfajiri. Taa huvuta wadudu, wadudu huvuta mijusi na vyura, na mabaki ya uji wa usiku huvuta panya. Bundi anafuata chakula chake. Zaidi ya hayo, ninyi wenyewe mnakesha. Huenda amelia kwenye mwembe huo miaka yote, ila saa nane za usiku mlikuwa mmelala fofofo. Akilia na mgonjwa akapona, hakuna anayeusimulia usiku huo. Akilia na mtu akafariki, habari inazunguka mtaa mzima.

Mambo ya makaburini na magofu ni hayo hayo. Pale kuna miti mizee yenye matundu ambayo hakuna anayethubutu kuikata, nyasi ndefu zilizojaa panya, na usiku hapapiti mtu. Ndege wa usiku atake nini tena?

Wengi wameuliza pia dini zinasemaje. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) anakanusha mkosi wa kupiga ramli kwa ndege, na papo hapo anakanusha kitu kinachoitwa *hama*. Waarabu wa zama za Jahiliya, kabla ya Uislamu, waliamini kwamba mtu aliyeuawa bila kulipiziwa kisasi hutokwa na ndege kichwani, bundi, anayelia "ninywesheni!" mpaka damu ilipwe. Kwa hiyo imani ya bundi na kifo ni ya kale kuliko mwembe wenu, na ilikwishakataliwa waziwazi. Kwa Wakristo, Zaburi ya 102 inamtaja bundi wa mahameni, lakini anayesema pale ni mtu mpweke anayejifananisha naye. Uchawi haumo.

Kelele zikiwazidi, zimeni taa ya nje au muweke ya mwanga hafifu wa njano, funikeni pipa la taka, na msimwage makombo uani. Mawe hayasaidii. Atahamia mti wa pili, na usiku wa kesho amerudi.

*Kuna kitu kinakoroma darini kwangu kuanzia magharibi, kama mtu mwenye pumu. Asubuhi chini ya tundu la hewa naokota matonge ya manyoya yenye mifupa ndani. Nimeambiwa nimetupiwa. (Kibaha)*

Hujatupiwa kitu. Una familia ya bundi darini, wale wenye uso mweupe wa umbo la moyo (*Tyto alba* kwa jina la kitaalamu). Anayekoroma ni kinda anayedai chakula, na atadai hivyo karibu usiku kucha.

Matonge hayo ni masazo ya chakula. Bundi humeza panya mzima. Nyama huyeyuka tumboni, lakini manyoya, mifupa na meno hubaki, hukandamizwa, kisha hutapikwa, kwa kawaida tonge moja au mawili kwa siku. Likiwa bichi ni jeusi na linang'aa kama limepakwa mafuta. Likikauka huwa la kijivu na jepesi. Urefu wake ni kama sentimita 3 hadi 7.

Ukitaka kuwaonyesha watoto, chukua tonge kavu kwa glavu, liloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya dawa ya kuua vijidudu kwa nusu saa hivi, kisha lichambue kwa kibano na sindano juu ya karatasi nyeupe. Usilivute kwa nguvu, maana mifupa ya taya huvunjika. Anza na mafuvu, hayo ndiyo hesabu ya walioliwa. Fuvu lenye meno mawili marefu ya mbele ya rangi ya chungwa, kisha pengo, kisha magego, ni la panya. Lenye meno madogo yaliyochongoka mfululizo ni la kirukanjia. Tonge moja huwa na mafuvu matatu, manne, hata zaidi. Hapo ndipo utakapojua nani alikuwa akila mchele wako.

Kama hutaki wapangaji hao, subiri makinda yaruke. Ukiziba tundu sasa, watafia ndani na harufu itakutoa nyumbani wewe. Mkoromo ukishaisha, ziba tundu kwa gazeti lililokunjwa bila kulishindilia. Likikaa usiku tatu bila kusukumwa, hakuna aliyebaki. Weka wavu wa chuma. Na ukisafisha kinyesi darini, vaa barakoa na ukinyunyizie maji kwanza ili vumbi lisipande.

*Panya wananifukulia mbegu za mahindi kila msimu. Nimesikia mtu anaweza kufuga bundi shambani. Nianzie wapi? (Mbarali)*

Hafugwi. Anawekewa nyumba, na akipenda anahamia mwenyewe. Jambo hili lina historia: mashamba ya michikichi ya Malaysia yana masanduku ya bundi kwa miongo mingi sasa, na huko Israeli kijiji cha ushirika (kibbutz) cha Sde Eliyahu kilianza mwaka 1983. Kuanzia 2002 wakulima wa Jordan nao wakaingia, ingawa kwao bundi aliogopwa kama anavyoogopwa kwetu.

Vipimo ni hivi. Plaiwudi moja ya milimita 12 (futi 8 kwa 4) inatosha sanduku zima. Sakafu iwe sentimita 60 kwa 40, kimo sentimita 65. Mlango ni tundu la mraba, sentimita 13 kwa 13, na ukingo wake wa chini uwe sentimita 45 juu ya sakafu. Mafundi wengi huharibu hapo: hutoboa mlango chini, karibu na sakafu, kama wa banda la kuku. Kinda wa bundi hutembea kabla ya kujua kuruka, naye hukimbilia mlangoni kila mzazi anapoleta panya. Mlango ukiwa chini ataanguka, na aliyeanguka mara nyingi halishwi tena.

Nje ya mlango weka ubao wa kutulia wa sentimita 20 wenye ukingo ulioinuka, ili makinda wakubwa wafanyie mazoezi ya mbawa. Paa lizidi pande zote kwa angalau sentimita 5 na upake rangi nyeupe, kwani jua la Mbarali kwenye ubao mweusi litayachemsha mayai. Toboa matundu sita ya milimita 10 sakafuni ya kutolea unyevu, na machache juu pembeni ya kupitishia hewa. Ubavuni weka kidirisha cha sentimita 25 chenye bawaba cha kusafishia. Ndani tandika maranda sentimita 5 tu. Majani mabichi yaache, yanaoza. Usipake rangi wala vanishi ndani.

Lipandishe mita 4 au zaidi, kwenye ukuta wa ghala au nguzo imara, mlango ukitazama shamba wazi na ukiupa mgongo upande wa mvua. Nguzo uivishe bati laini la upana wa sentimita 60, kuanzia mita moja na nusu kutoka ardhini, la sivyo kanu na paka watapanda na kula makinda. Mashamba ya michikichi huweka sanduku moja kwa hekta 5 hadi 10. Wewe anza na moja.

Kisha subira. Linaweza kukaa tupu mwaka au miwili. Nyuki ndio watakaokutangulia, hasa msimu wa maua. Wakiingia mwite mrina asali usiku awahamishe. Usiwachome moto, maana nta iliyoyeyuka itaita kundi jingine. Bundi akiingia, usifungue sanduku mpaka makinda yaondoke. Hutaga mayai 4 hadi 7, akiachia siku mbili tatu kati ya yai na yai, na huanza kulalia lile la kwanza bila kungoja mengine. Kila yai huchukua takriban siku 30. Ndiyo maana makinda hupishana ukubwa, na chakula kikipungua yule mdogo hufa. Ndivyo ilivyo kwao, usijilaumu. Huruka wakiwa na umri wa wiki nane hivi.

Tukuambie ukweli mmoja ambao wauzaji wa masanduku hawausemi. Panya shamba wetu, wale ambao watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro wamewachunguza kwa miongo kadhaa, jike huweza kuzaa watoto kumi na zaidi kwa mara moja, na mvua nzuri huwafanya wazae mfululizo. Bundi mmoja hula panya wawili hadi wanne kwa usiku. Mlipuko ukishatokea, hawezi kuuzima peke yake. Anasaidia katika miaka ya kawaida, na anasaidia zaidi ukifyeka kingo za shamba, ukapanda siku moja na majirani, na ukainua kihenge mita moja juu ya ardhi kikiwa na vizuizi vya bati miguuni.

*Na nikiweka bundi, naweza kuendelea na sumu? (Msomaji huyo huyo)*

Hapana, uchague kimoja. Sumu nyingi za dukani ni za kuzuia damu isigande. Tazama kwenye pakiti maneno brodifakumu (brodifacoum) au bromadioloni (bromadiolone). Panya akila leo hafi leo. Atazubaa siku tatu, nne, hata wiki, akiyumba mahali peupe mchana na usiku, na huyo ndiye windo rahisi kuliko yote. Brodifakumu hukaa kwenye ini kwa miezi. Bundi akila panya wa namna hiyo mara kadhaa, anavuja damu ndani kwa ndani na unamwokota chini ya sanduku ulilolijenga kwa pesa yako. Tumia mitego ya kubana, ndani ya ghala.

Tukiwa hapo hapo: tangi au pipa la maji lililo wazi huua bundi wengi. Hushuka kunywa au kuoga, manyoya yanalowa chapachapa kwa sababu hayana mafuta mengi kama ya bata, na hawezi kutoka. Lifunike, au weka ubao unaoelea.

*Kwa nini Wazungu wanamchora bundi na vitabu na miwani, sisi tunamkimbia? Wao wanajua nini? (Nakuru)*

Wao pia walimkimbia, ndugu. Plinio, mwandishi wa Roma ya kale, anamwita bundi mkubwa ndege wa matanga, na anaeleza jinsi mji wa Roma ulivyofanyiwa tambiko la kutakaswa baada ya mmoja kuingia Capitolium, kilima cha mahekalu yake makuu. Katika *Macbeth* ya Shakespeare, bundi analia usiku mfalme anapouawa. Huko Uingereza wakulima walikuwa wakimpigilia bundi misumari kwenye mlango wa ghala ili kuzuia radi na husuda. Yaani mla panya anaangikwa kwenye mlango wa ghala la nafaka! Hata mganga wa Muheza hajafika huko.

Bundi wa miwani ametoka Athens. Ndege wa Athena, mungu wao wa kike wa hekima, alikuwa bundi mdogo anayeishi kwenye kuta na miamba ya mji ule, na tangu kabla ya karne ya 5 KK walimgonga kwenye sarafu zao za fedha za gramu 17 hivi: bundi ametazama mbele kwa macho mawili makubwa, tawi la mzeituni nyuma yake, na herufi tatu za mwanzo za jina la mji. Sarafu hizo zilipokewa sokoni Misri na Mashariki ya Kati, na picha ikasafiri nazo. Ukipata yuro moja iliyotolewa na Ugiriki, igeuze, utamkuta pale pale. Athena akawa Minerva kwa Warumi, mwanafalsafa Mjerumani Hegel akaandika mwaka 1820 kwamba bundi wa Minerva huanza kuruka giza linapoingia, na vyuo vikaichukua picha. Siku hizi ndiye yule wa kijani wa Duolingo, programu ya simu ya kujifunzia lugha, anayewafundisha wageni Kiswahili na kuwanunia wakikosa somo.

Kama ana akili kweli? Kwa kutatua mafumbo, kunguru na kasuku wamemwacha mbali. Utaalamu wake uko masikioni. Tundu moja la sikio liko juu kuliko jingine, kwa hiyo sauti ya panya inafika kwa kupishana kidogo sana, naye anajua yuko wapi hata katika giza totoro.

*Ni kweli shingo yake inazunguka mzunguko mzima? (Mwanafunzi, Dodoma)*

Robo tatu ya mzunguko, nyuzi 270 kila upande. Ana pingili 14 za shingo, wewe una 7. Analazimika, kwa sababu macho yake yana umbo la mrija na yamefungwa na pete ya mfupa, hayazunguki tunduni kama yako. Mishipa ya damu ya shingoni nayo imepewa nafasi kubwa ndani ya mifupa, ndiyo maana hapotezi fahamu akigeuka.

*Binti yangu ameangalia filamu za Harry Potter, sasa analilia bundi mweupe kama Hedwig. Nimeona kinda linauzwa gengeni. Ninunue? (Dar es Salaam)*

Usinunue. Hedwig ni bundi wa theluji wa nchi za kaskazini ya mbali. Dar angekufa kwa joto. Hata kwenye filamu Hedwig ni jike, lakini walioigiza walikuwa madume, kwa sababu jike ana michirizi myeusi na dume ndiye mweupe pe.

Hilo la gengeni ni bundi wa kwetu aliyeibwa kiotani. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumweka bila kibali, na Kenya wana yao ya 2013. Ukimnunua, muuzaji atarudi porini kesho kuchukua mwingine. Indonesia waliona hilo: masoko ya ndege ya Java na Bali, ambako bundi walikuwa nadra, yalijaa bundi baada ya vitabu na filamu hizo, wakiuzwa kwa jina la ndege wa Harry Potter. Na kwa kumjibu binti: anakula panya wazima wenye manyoya, hapendi kushikwa, na anaamka wakati wewe unalala. Mpeleke akachambue tonge, atafurahi zaidi.

*Jamaa ananunua mayai ya bundi kwa mamilioni, anataka "yale ya asili". Niko na kiota. (Kitui)*

Utapeli. Yai lake ni jeupe, la milimita 40 kwa 32 hivi, dogo kuliko la kuku, na ndani ni yai tu. Huyo mnunuzi atakuomba kwanza "pesa ya kupima yai" au ya usafiri. Ukikamatwa nalo, kesi ni yako peke yako.

*Tukitaka kuona bundi wetu wa kipekee, twende wapi? (Mombasa)*

Karibu kabisa na ninyi. Msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi, una bundi wa Sokoke, kimo cha sentimita 16 hivi na uzito kama gramu 50. Alijulikana kwa wanasayansi katika miaka ya 1960, na baadaye akapatikana pia chini ya milima ya Usambara Mashariki. Yupo wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya kutu, wote ni wa aina moja. Mchana hulala kimo cha mtu kwenye vichaka vya udongo mwekundu. Mchukue mwongoza wageni wa pale, maana wewe unaweza kusimama mita mbili ukadhani ni jani kavu. Tochi kali na kupiga kanda ya sauti yake mara kwa mara kunamsumbua. Mwongozaji mzuri atakukatalia.

Mwingine ni bundi wa Pemba, hapatikani kokote duniani ila kisiwa hicho. Nenda msitu wa Ngezi jioni, ingawa hata kwenye mashamba ya mikarafuu anasikika, akitoa mlio mmoja mfupi, ananyamaza, kisha mwingine.

*Nimeokota kinda la bundi chini ya mnazi, jeupe kama pamba. Nilimpa maziwa na mkate hakula. (Kilwa)*

Afadhali hakula, maziwa yangemharisha mpaka afe. Ukiona kiota au tundu na panaweza kufikiwa kwa usalama, mrudishe leo leo. Harufu ya mkono wako haiwakimbizi wazazi. Mshike kwa kitambaa kizito na udhibiti miguu kwanza, kwani kucha ndizo zinazoumiza, mdomo unatisha tu. Kiota kikiwa juu mno, mweke kwenye kikapu chenye matundu chini, ukifunge kwenye mti huo huo juu ya kimo cha paka, kisha ondoka kabisa. Wazazi huja giza likiingia, na hawaji kama mmekaa mnachungulia.

Akiwa na jeraha, bawa limening'inia, au asubuhi ukimkuta mnyonge na hakuna tonge wala damu ya windo ndani ya kikapu, mtie kwenye boksi lenye giza na matundu ya hewa, mahali pa joto la kawaida, bila maji mdomoni. Piga simu ofisi ya wanyamapori ya wilaya au TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania). Walioko Kenya wawapigie KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) au Kenya Bird of Prey Trust, wenye vituo Naivasha na Soysambu. Ikibidi alale kwako usiku mmoja, mpe vipande vya panya aliyenaswa kwa mtego, au kifaranga mfu, mbichi, pamoja na manyoya na mifupa, bila chumvi. Nyama tupu ya buchani haina kalsiamu ya kutosha, na akiendelea nayo mifupa inapinda.